Tsuruga: Stesheni Ambapo Lazima Ushuke

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni.

Mwenyekiti aliponipigia simu akaniomba nizungumzie stesheni moja ya makutano ya reli, nadhani alitarajia nitachagua Tabora au Voi. Nikamwambia, mzee, niruhusu niende mbali kidogo, maana kuna mji mmoja wa Japani ambao nimekuwa nikiufuatilia kwa miaka mingi. Akacheka, akasema haya, lakini usituchoshe na majina. Nitajitahidi. Jina la kwanza ndilo kubwa, nalo ni Tsuruga. Ni mji wa bandari wa watu zaidi ya 60,000 katika mkoa wa Fukui, kwenye pwani inayotazama Korea na Urusi.

Nianze na dakika nane. Machi 16, 2024, reli ya mwendokasi inayotoka Tokyo, ile wanayoiita Shinkansen, iliongezwa kilomita 125 kutoka Kanazawa, ikafika Tsuruga, ikakomea hapo. Anayetaka kuendelea Osaka au Kyoto hushuka, hupita mageti, hupanda treni nyingine. Muda wa kawaida uliopangwa kwa shughuli hiyo ni dakika nane. Fikiria mamia ya watu, masanduku, watoto, bibi mwenye mkongojo, wote wanashuka kutoka ghorofa ya tatu ambako treni ya mwendokasi husimama, wanapita ghorofa ya pili penye mageti, wanateremka chini ambako treni ya haraka ya reli ya zamani inawasubiri. Jengo lenyewe lina urefu wa mita 37 kwenda juu. Na kabla ya siku hiyo, abiria wa Osaka alikaa kitini mwake hadi Kanazawa bila kunyanyuka!

Watu walilalamika, na bado wanalalamika. Mimi nilipoisoma habari ile nilitabasamu peke yangu, kwa sababu nilijua kwamba Tsuruga imekuwa ikiwashusha watu kwa zaidi ya miaka 140. Kila mara wahandisi walipodhani wameuziba mkato wa safari pale, mkato ulitokea tena kwa sura nyingine. Jioni ya leo nataka kuwaonyesha jinsi ilivyokuwa.

Ninyi mliofanya kazi kwenye reli mnanielewa. TAZARA ina reli za upana wa milimita 1,067, na reli yetu ya kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti yake ni kama upana wa vidole vitatu vinne, lakini vidole hivyo ndivyo vinavyolazimisha mizigo ihamishwe pale Kidatu. Sasa, reli za kawaida za Japani ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Shinkansen ni milimita 1,435, sawasawa na SGR yetu. Kwa hiyo tunaposema Tsuruga ni mahali ambapo upana mmoja unaishia na mwingine unaanzia, tunazungumza lugha ambayo fundi wa Kidatu anaielewa bila mkalimani.

Turudi nyuma, kabla ya reli. Chukueni ramani ya Japani mtazame pale kisiwa kikubwa kinapobana kiuno. Upande wa kaskazini ni ghuba ya Tsuruga. Upande wa kusini, kwa njia ya milimani isiyozidi kilomita 30, unafika Biwa, ziwa kubwa kuliko yote nchini humo. Ukishafika ziwani, mzigo unapakiwa mashuani hadi Otsu, na Otsu na Kyoto ni majirani. Basi kwa karne nyingi majahazi yaliyoshuka kutoka Hokkaido yaliteremsha shehena Tsuruga, nayo ikavuka mlima kwa migongo ya farasi na ya watu. Shehena gani? Samaki waliokaushwa kwa ajili ya mbolea ya mashamba, mchele, na mwani. Naam, mwani. Naona mzee wangu kutoka Paje ameinua kichwa. Si huu mwani wetu mwembamba unaofungwa kwenye kamba, ni ule mpana mgumu wanaouita kombu, ambao bila yake supu ya Kijapani haina ladha. Mwani huo haukuota Tsuruga hata kidogo, ulipita tu. Lakini kwa kuwa ulipita na kulala maghalani, watu wa pale wakajifunza kuukwangua kwa kisu hadi uwe mwembamba kama karatasi ya kusokotea sigara, na hadi leo ufundi huo wa mkono ni wao. Mahali pa kupitisha mizigo hupata ustadi wake hivyo hivyo, katika yale masaa ya kusubiri.

Serikali mpya ya mfalme Meiji ilipoamua kujenga reli, njia ya kutoka Tsuruga kwenda ziwani ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kufikiriwa. Reli ya kwanza ya nchi, Shimbashi hadi Yokohama, ilifunguliwa 1872. Miaka kumi baadaye, Machi 10, 1882, treni ilikuwa inatembea kati ya ghuba ya Tsuruga na mji wa Nagahama kando ya ziwa. Kwenye kisiwa kikuu, upande wote ule wa bahari ulikuwa haujaona reli kabla ya hapo.

Nimesema inatembea. Ukweli ni kwamba ilitembea vipande viwili. Katikati palikuwa na mlima wa Yanagase, na handaki lake lilikuwa halijakamilika. Kwa hiyo abiria wa 1882 alipanda treni, akashuka mlimani, akavuka kwa miguu, akapanda treni nyingine upande wa pili. Akifika Nagahama, reli imekwisha: anaingia kwenye meli ya mvuke, anakatiza ziwa hadi Otsu, anapanda treni ya tatu. Sehemu ya majini iliendelea hadi 1889, reli kuu ya Tokyo na Kobe ilipokamilika na stesheni ya Maibara kuwa ndiyo njia panda ya upande wa ziwa. Jengo la stesheni ya Nagahama ya 1882 bado limesimama, na ndilo la kale kuliko majengo yote ya stesheni yaliyobaki Japani. Tsuruga nako kimebaki kijumba kimoja cha matofali mekundu cha wakati huo huo, karibu na bandari, kilichojengwa kuhifadhi mafuta ya taa. Taa zenyewe zilikuwa za chemli, za kwenye mabehewa na za kuashiria. Kwa ukubwa ni kama jiko la nje la nyumba ya Kiswahili, lakini mimi nikilinganisha na lile jengo la mita 37, moyo wangu uko kwenye kijumba.

Handaki la Yanagase lilimalizika 1884. Mita 1,352, refu kuliko yote Japani wakati huo, na lilichimbwa na Wajapani wakati bado sehemu kubwa ya elimu ya reli iliagizwa Uingereza. Ito Hirobumi, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza, aliandika maneno manne ya kuchongwa kwenye jiwe la mlangoni, yenye maana ya kwamba vizazi vyote vitalitegemea milele. Kumbukeni milele hiyo, tutairudia.

Bandari ilifunguliwa rasmi kwa biashara ya nje 1899. Mwaka 1909 stesheni ya Tsuruga ikahamishwa, ikatoka karibu na hekalu kuu la Kehi kwenda mahali ilipo leo. Kutoka hapo tawi fupi la reli liliteremka hadi gatini, kwenye stesheni ya Kanagasaki, ambayo baadaye iliitwa Tsuruga Bandarini. Na baadaye kidogo, kati ya 1917 na 1922, likajengwa tawi jingine kuelekea magharibi, kilomita 84 na ushee kufuata pwani hadi Higashi-Maizuru. Linaitwa Reli ya Obama. Msicheke! Obama ni mji mkongwe wa njiani, jina lake lina maana ya pwani ndogo, na ndiyo, mwaka 2008 wakazi wake walimshangilia mgombea wa Marekani kana kwamba ni mjukuu wao aliyepotea. Kogelo walikuwa na wapinzani ambao hawakuwajua.

Tukae kidogo kwenye lile tawi fupi la bandarini, maana kwa miaka kama thelathini ndilo lililokuwa mlango wa Japani kwenda Ulaya. Kuanzia Juni 1912, siku za meli, treni iliondoka Shimbashi mjini Tokyo ikiwa na behewa la kulala lililokwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa maji Kanagasaki. Abiria alishuka, akapanda meli hadi Vladivostok, na kule akaingia treni ya Siberia hadi Moscow, kisha Berlin, kisha Paris. Tikiti ungeweza kuikata Tokyo. Kwa meli kupitia Suez safari ilichukua zaidi ya mwezi.

Mwaka huo huo wa 1912, mwezi Mei, kabla treni hiyo maalumu haijaanza, walipita Tsuruga watu watatu ninaowapenda. Wa kwanza ni mshairi Yosano Akiko, aliyeacha watoto nyumbani akamfuata mumewe Paris peke yake. Wengine wawili ni wanariadha Mishima Yahiko na Kanakuri Shizo, timu nzima ya Japani kwa Olimpiki ya Stockholm, mashindano ya kwanza ya Olimpiki nchi hiyo kushiriki. Waliondoka Tokyo tarehe 16 Mei, wakafika Stockholm tarehe 2 Juni. Siku zile zote kwenye behewa, unajua miguu ya mkimbiaji inakuwaje? Inasemekana walikuwa wakishuka kila treni iliposimama wakakimbia kuizunguka stesheni. Siku ya mbio ndefu jua lilikuwa kali, Kanakuri akaishiwa nguvu njiani, akapokewa na familia moja kwenye bustani yao, na hakumaliza. Mwaka 1967 Waswidi wakamwalika arudi kumaliza. Akavuka utepe akiwa mzee. Muda wake rasmi: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.3. Hilo halihusiani sana na reli, lakini nisingeweza kupita Tsuruga bila kulisema.

Halafu njia ile ile ikaanza kuleta watu kwa upande wa pili. Kati ya 1920 na 1922, Siberia ikiwa imeparaganyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, Msalaba Mwekundu wa Japani uliwapokea watoto yatima wa Kipolandi, zaidi ya 700. Walishukia Tsuruga kutoka Vladivostok, wakala, wakapumzika, wakapandishwa treni kwenda Tokyo na Osaka, na hatimaye wakarudishwa kwao.

Miaka ishirini ikapita. Mwaka 1940, mjini Kaunas, Lithuania, balozi mdogo wa Japani aliyeitwa Sugihara Chiune aliandika viza za kupitia Japani kwa Wayahudi waliokuwa wanaikimbia Ulaya, kinyume na maelekezo ya wizara yake. Orodha yake ina zaidi ya viza 2,000, na viza moja mara nyingi ilibeba familia. Waliozipata walivuka Siberia kwa treni wiki mbili hivi, wakashuka Vladivostok, wakapanda meli. Inayokumbukwa zaidi ni Amakusa Maru. Wakateremkia Tsuruga, miezi ya baridi kali, theluji mabegani. Wazee wa mji waliohojiwa miongo mingi baadaye walikumbuka mambo madogo. Kwamba nyumba moja ya kuogea ya umma ilifungwa kwa wateja wa kawaida siku moja ili wageni waoge bure. Kwamba kijana mmoja aligawa matufaha kutoka kwenye kikapu. Kisha wageni wakapanda treni kwenda Kobe, na kutoka Kobe wakatawanyika duniani. Leo pale bandarini kuna makumbusho yao, yaliyofunguliwa 2008.

Kwa wakimbizi wale Tsuruga ilikuwa kituo cha saa chache, pengine usiku mmoja. Wengi hawakujua hata kulitamka jina lake. Lakini waulize wazee waliokuwa watoto enzi hizo kama waliwasahau.

Juni 1941 Ujerumani iliishambulia Urusi, na njia ya Siberia ikafungwa. Julai 12, 1945, ndege za Marekani ziliuchoma mji wa Tsuruga, wa kwanza kushambuliwa hivyo katika miji ya pwani ile. Lango kubwa jekundu la mbao la hekalu la Kehi lilibaki limesimama katikati ya majivu. Baada ya vita, Vladivostok ikawa mji uliofungwa kwa wageni, na tawi la bandarini likabaki kubeba mizigo tu. Treni ya mwisho ya mizigo ilikoma 2009, na tawi likafutwa rasmi Aprili 2019.

Sasa tugeuze uso kutoka baharini tutazame milima, maana mlima ndiyo nusu ya pili ya hadithi.

Yanagase, lile handaki la milele, lilikuwa na mteremko wa mita 25 kwa kila mita 1,000. Kwa gari ni kitu kidogo. Kwa garimoshi la makaa lenye mabehewa ya mizigo, ni mateso. Injini inapanda polepole ndani ya tundu jembamba, moshi unatoka kwenye dohani unagonga dari unarudi usoni mwa dereva na mchochea makaa. Desemba 1928 treni ya mizigo ilishindwa kupanda, ikakwama ndani, na baadhi ya watumishi wake walikufa kwa kukosa hewa. Baadaye zikafungwa feni kubwa na pazia mlangoni: treni ikishaingia, pazia linashushwa nyuma yake ili hewa isiufukuze moshi kuelekea mbele. Pazia, jamani, kama la mlango wa chumbani. Na karakana ya Tsuruga ikabuni kifuniko cha dohani cha kuuelekeza moshi nyuma, kikaitwa kwa jina la mji wenyewe. Kulikuwa na watu waliojulikana nchi nzima kwa ujuzi wa kupumua ndani ya handaki.

Upande wa kaskazini, kuelekea Fukui, hali haikuwa bora. Reli ya 1896 ilipanda milima ya pwani kwa mahandaki mengi mafupi, na treni ililazimika kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayepanda ngazi kwa ubavu. Stesheni moja ya juu, Sugitsu, ilisifika kwa mandhari ya bahari. Leo hapo ni mahali pa magari kupumzika kwenye barabara kuu.

Mnamo 1957 yalifanyika mambo mawili. Njia mpya ilichimbwa kuikwepa Yanagase, na umeme ukaja. Nao haukuwa ule uliokwishazoeleka. Reli za Japani zilitumia umeme wa mkondo mnyoofu, yaani DC, volti 1,500. Kwa njia ya Tsuruga waliamua kutumia mkondo geu, yaani AC, volti 20,000, teknolojia iliyokuwa mpya wakati huo. Mkondo geu ni rahisi kusafirishwa mbali kwa vituo vichache, na injini zake zinapanda mlima vizuri. Mpango mzuri. Isipokuwa kwamba mkondo mnyoofu uliishia Maibara na mkondo geu ulianzia Tamura, stesheni chache kaskazini. Katikati? Hakuna umeme. Kwa miaka kama mitano, treni iliyovutwa na injini ya umeme ilifika pale, injini ikafunguliwa, ikafungwa injini ya makaa ya mawe, ikavuta kipande kile kidogo ikitoa moshi, kisha ikafunguliwa na kupisha injini nyingine ya umeme. Nikiwasimulia wanafunzi wangu hawaamini.

Juni 10, 1962 likafunguliwa handaki la Hokuriku, kutoka Tsuruga kwenda Imajo, mita 13,870, wakati huo refu kuliko yote ya reli nchini. Njia ya Sugitsu ikafutwa. Mwaka uliofuata, upande wa kusini, njia ya kupandia ikazungushwa mduara mzima mlimani ili mteremko ulegee. Yanagase ikafungwa kwa treni 1964. Jiwe la Ito limehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nagahama, na handaki lenyewe sasa ni barabara ya magari ya njia moja, inayopisha kwa zamu. Unasimama kwenye taa nyekundu, unasubiri dakika kadhaa, unaingia. Milele ya Ito ilidumu miaka 80.

Naomba sasa mnisikilize kwa utulivu.

Desemba 1969, treni ya usiku iliyoitwa Nihonkai ilishika moto ikiwa ndani ya handaki la Hokuriku. Kanuni za wakati ule zilisema moto ukitokea, simamisha treni papo hapo. Dereva akaamua asisimame. Aliendesha hadi nje, wakauzima moto hewani, hakuna aliyekufa. Wakubwa wakamchukulia hatua kwa kuvunja kanuni, na kanuni ikabaki kama ilivyokuwa.

Novemba 6, 1972, saa saba na dakika kumi hivi usiku, treni nyingine ya usiku, Kitaguni, iliyotoka Osaka kwenda Aomori ikiwa na abiria zaidi ya 700, ilipita stesheni ya Tsuruga ikaingia katika handaki lile lile. Moto ukazuka kwenye behewa la chakula. Safari hii kanuni ilifuatwa. Treni ikasimamishwa, kilomita kadhaa ndani ya mlima. Wafanyakazi walijaribu kuuzima, wakashindwa, wakaanza kulitenganisha behewa linalowaka na mengine, jambo linalochukua muda mrefu gizani. Kabla hawajamaliza, umeme wa njia ukakatika. Sasa treni haikuweza kwenda mbele wala nyuma, na moshi ukajaa. Treni iliyokuwa ikija upande wa pili ilisimama ndani ya handaki kwa ishara nyekundu. Dereva wake alipoona watu wanatokea gizani aliwafungulia milango, akawatoa watu zaidi ya 200. Waliokufa ni 30. Majeruhi walizidi 700.

Baada ya hapo ndipo majaribio yakafanywa kwa kuchoma mabehewa yakiwa yanatembea, na kanuni ikageuzwa: moto ukitokea ndani ya handaki, usisimame, toka nje kwanza. Vifaa vinavyowaka kwa urahisi viliondolewa kwenye mabehewa. Handaki la Seikan chini ya bahari, lililofunguliwa 1988, likajengewa vituo viwili vya dharura chini ya ardhi kwa sababu ya usiku ule. Na adhabu ya yule dereva wa 1969 ikafutwa. Sisemi zaidi juu ya hilo. Nimefanya kazi ofisini, mmefanya kazi ofisini.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1974 ilifunguliwa reli ya magharibi mwa ziwa, ikaunganisha Kyoto na Tsuruga bila kupita Maibara, na Maibara ikapoteza msongamano wake wa zamani. Mwaka 2006, kwa fedha zilizochangwa na mikoa na miji ya njiani, umeme wa kutoka ziwani hadi Tsuruga ulibadilishwa ukarudi kuwa mkondo mnyoofu, ili treni za kawaida za Osaka ziweze kufika. Kwa hiyo ule mpaka wa umeme wa 1957 ukahamia Tsuruga yenyewe, karibu na mdomo wa handaki. Treni za zamani zilipopita pale taa zilizimika ndani kwa sekunde kadhaa. Wageni walishtuka, wenyeji hawakuinua hata macho kutoka kwenye magazeti yao.

Sasa tumerudi kwenye dakika nane. Mpango wa awali haukuwa watu washuke. Wahandisi walikuwa wakitengeneza treni ambayo magurudumu yake yangejisogeza kwenye ekseli, ikapita kutoka milimita 1,067 kwenda 1,435 bila abiria kujua. Majaribio yalifanyika kwa miaka mingi, ekseli zikawa zinalika haraka, gharama ikapanda, na mwaka 2018 wazo hilo likaachwa kwa njia hii. Ikabidi stesheni ipangwe upya: upana mmoja juu, mwingine chini, na binadamu apande na kushuka katikati. Kati ya Tokyo na Tsuruga sasa ni saa 3 na dakika 8 kwa treni ya haraka kuliko zote. Mlima wa kaskazini umetobolewa tena, handaki la mita 19,760. Ile reli ya zamani ya kuelekea Fukui, pamoja na handaki la 1962, imekabidhiwa kampuni ya mkoa, na nauli yake ndiyo malalamiko mengine ya wenyeji.

Kwa mji wa Tsuruga, hata hivyo, kuwa mwisho wa njia si balaa. Anayeshuka hununua chai. Anayekosa treni hulala. Mpango wa kuendeleza Shinkansen hadi Osaka upo. Njia iliyochaguliwa inapita Obama na Kyoto, wengine bado wanadai ipite Maibara, watu wa Kyoto wana hofu na maji yao ya ardhini, na ujenzi haujaanza. Siku utakapokamilika, treni zitapita Tsuruga kama upepo. Sijui kama pale mjini wanaiombea siku hiyo kwa dhati. Ningekuwa muuza supu mbele ya stesheni, ningewaombea wanasiasa waendelee kubishana.

Naambiwa maji ya chai yamechemka na muda wangu umekwisha zamani. Maswali tutayachukua humu humu, tukiwa na vikombe mkononi. Tuanze na mzee wangu wa Paje, ambaye tangu nilipotaja mwani ananionyesha vidole kuuliza kilo ni shilingi ngapi.